Telehandla fupi, ndefu au ya kuzunguka: ipi iingie saiti kwako?

Tulikuwa tunajenga jengo la ghorofa nne Dodoma, na mimi ndiye niliyepiga simu kukodi telehandla, mashine ya kuinulia mizigo. Mwenye mashine aliniuliza mambo mawili tu: tani ngapi, na ipande mita ngapi. Nikajibu tani 4, mita 17. Kesho yake ikashushwa kwenye lobedi, lile trela la kubebea mashine, rangi inang'aa, mafundi wakaacha kazi kuiangalia. Ilipofika saa nne asubuhi ilikuwa imesimama na paleti ya matofali hewani, king'ora kinalia, mkono umegoma kwenda mbele hata sentimita moja. Kati ya tairi za mbele na ukingo wa slabu ya ghorofa ya tatu kulikuwa na mtaro tuliouchimba wenyewe, halafu jukwaa la wapiga plasta, halafu lundo la mchanga ambalo hakuna aliyekumbuka kuliondoa. Mguu wa kushoto wa mashine, mmoja wa ile miguu ya chuma inayoshushwa mbele kuituliza, haukupata pa kukanyaga kwa sababu ya ule mtaro, kwa hiyo opereta alikuwa anainua akiwa juu ya tairi. Paleti ilikuwa na matofali 60 ya inchi sita. Moja nililipima baadaye: kilo 27. Jumla kilo 1,620, bila paleti yenyewe. Sasa zile tani 4 zilizoandikwa ubavuni zilikwenda wapi?

Hazikwenda popote. Zilikuwa palepale zinapokaa siku zote, karibu na tairi, mkono ukiwa umerudishwa ndani. Tani za ubavuni na mita za ubavuni hazikutani hata siku moja. Ukitaka tani zote, sahau mita. Ukitaka mita zote, sahau tani. Anayenunua au kukodi kwa kutazama namba hizo mbili ananunua mashine mbili tofauti ambazo haziwezi kufanya kazi kwa wakati mmoja.

Kwa asiyeifahamu, telehandla ni mashine ya tairi nne zinazovuta zote, yenye mkono mmoja unaorefuka kama antena ya redio ya zamani, na mbele yake uma kama za foklifti. Saiti nyingi watu huiita Manitou hata ikiwa ya kampuni nyingine kabisa, kama ambavyo kijiko chenye mkono wa kuchimbia nyuma huitwa JCB bila kujali nani kakitengeneza. JCB wenyewe, Waingereza wa Rocester, waliingiza sokoni Loadall yao ya kwanza mwaka 1977. Manitou ni ya Ufaransa, mji wa Ancenis. Hizo mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi, na majina ya mashine zao yanasoma kinyume. JCB 540-170: 40 ni tani 4.0, 170 ni mita 17 kwa kukadiria, maana kwa hakika ni 16.7. Manitou MT 1840: 18 ni mita, 40 ni tani 4.0. Nimewahi kuona barua ya maombi ya saiti iliyoandikwa "Manitou ya tani 18". Mhasibu aliipitisha.

Herufi nazo zina maana. Kwa Manitou, MT ni za ujenzi, MLT ni za kilimo, MRT ni zile za kuzunguka. Ishike hiyo MLT, nitairudia tukifika kwenye mitumba.

Kwanza chati, mashine baadaye

Ndani ya kibanda cha kila telehandla kuna chati ya mzigo. Inafanana na robo ya utando wa buibui. Pembeni, kwenda juu, ni mita za kimo. Chini, kwenda mbele, ni mita za kufika, zikihesabiwa kutoka mbele ya mashine. Katikati kuna maeneo yaliyogawanywa kwa mistari ya kupinda, kila eneo na uzito wake. Mfano ninaoupenda ni huo huo wa 540-170. Karibu, inainua tani 4. Mkono ukisimama wima hadi juu kabisa, tani 2 na nusu. Ukilazwa mbele hadi mwisho, mita 12 na ushee, haifiki hata tani moja. Ni mashine ileile, dizeli ileile, opereta yuleyule.

Chati huwa zaidi ya moja. Ipo ya miguu ikiwa chini na ya miguu ikiwa juu, na tofauti yake ni kubwa mno. Ipo ya uma, ya kulabu, ya kijiko, ya kikapu cha watu. Kifaa chenyewe kina uzito, na uzito huo unakatwa kwenye mzigo wako kabla hujaanza. Halafu kuna jambo ambalo hata mainjinia hulipita: mashine nyingi za Ulaya za ukubwa huu zinapimwa mzigo ukiwa na kitovu chake sentimita 50 kutoka kwenye kisigino cha uma, na za Marekani inchi 24, yaani kama sentimita 61. Paleti ya kawaida iko sawa. Lakini furushi la mbao za kenchi likikaa kwa urefu kwenda mbele, kitovu chake kinaweza kuwa mita nzima mbele ya uma, na hapo chati imekufa.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia mtu simu, nenda na futi ya chuma hadi kwenye jengo lako. Tafuta mzigo mzito kuliko yote na mahali pagumu kuliko pote utakapoupeleka. Pima kimo cha slabu, ongeza kizuizi cha pembeni. Pima kutoka pale tairi za mbele zitakaposimama kweli, si pale ramani inaposema, hadi ndani ya ukingo paleti itakapokaa. Sakafu za mita 3.2 zinakupa mita 9.6 kwenye slabu ya tatu na 12.8 juu ya paa la zege. Jukwaa la mafundi mita moja na robo. Mtaro mita mbili. Nafasi ya usalama. Utashangaa jinsi mita sita za kwenda mbele zinavyopatikana upesi kwenye saiti ambayo ulidhani mashine itabusu ukuta.

Na uzito uhesabu, usikadirie kwa macho. Mifuko 20 ya saruji ni tani moja. Nondo ya milimita 16 yenye mita 12 ina karibu kilo 19, kwa hiyo nondo 53 ni tani. Zege bichi lina tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo, hivyo hata kijiko cha nusu mita ya ujazo si mchezo.

Ukishapata namba tatu (uzito, kimo, umbali wa mbele), mtumie mwenye mashine akuletee picha ya chati. Akikosa, usiichukue.

Fupi

Mita 6 hadi 7, tani 2 na nusu hadi 3 na kitu. JCB 525-60 na 531-70 ziko hapa, Manitou MT 625 na MT 733 pia. Hizi ndogo kabisa hazifiki mita 2 kwa upana, na kimo chake kinakaribia huko huko, kwa hiyo zinapita kwenye geti la kawaida na hata kuingia sehemu ya maegesho ya chini ya jengo. Hazina miguu ya kushusha. Unafika, unainua, unaondoka.

Watu huidharau kwa sababu haipandi. Lakini kaa saiti siku nzima uhesabu safari: kupakua Fuso la saruji, kupeleka paleti za matofali kutoka stoo hadi chini ya jengo, kusogeza pampu, kubeba mabati, kutoa taka kwa kijiko, kuvuta mashine ya kuchanganyia zege iliyokwama. Sehemu kubwa ya kazi ya kuinua kwenye saiti ni kubeba, na kubeba ni kazi ya mashine fupi. Kwa nyumba za chini zilizopangwa mistari, maghala, shule za kata, kupandisha kenchi za nyumba ya sakafu moja au mbili, sioni sababu ya kulipia kubwa zaidi. Usukani wake una njia tatu: tairi za mbele pekee, tairi zote nne kwa kukata kona kali, na mwendo wa kaa ambapo mashine nzima inatambaa kiubavu. Huo mwendo wa kaa ndio unaokuokoa ukiwa umebanwa kati ya ukuta wa jirani na rundo la kokoto.

Ndefu

Hapa tunazungumzia mita 12 hadi 18. JCB 535-125, 540-140, 540-170. Manitou MT 1440 na MT 1840. Uzito wa mashine kubwa za kundi hili unafika tani 11 au 12, na miguu miwili mbele ndiyo inayozipa nguvu zake. Bila kuishusha hiyo miguu, mashine ndefu ni mashine fupi yenye mkono mrefu wa bure.

Ndiyo maana ni ya polepole. Kila paleti ya juu ni simama, sawazisha, shusha miguu, inua, refusha, weka, rudisha mkono, shusha mkono, nyanyua miguu, ondoka. Opereta mzuri anapanga kusimama mahali pamoja na kulisha sakafu nzima kutoka hapo, huku mtu mwingine akimletea mizigo. Analetewa na nani? Na ile fupi, kama unayo. Saiti niliyoona ikienda kasi kuliko zote ilikuwa na ndefu moja ya mita 14 na fupi moja, wala haikuwa na ya mita 17.

Sasa 14 au 17? Swali langu huwa moja: kuna mzigo wa kuweka juu ya paa la zege la jengo la ghorofa nne, au unalisha sakafu kupitia pembeni tu? MT 1440 inapanda mita 13 na nusu. Kwenye slabu ya mita 9.6 inafanya kazi kwa raha na bado ina umbali wa kwenda mbele. Kwenye paa la 12.8 inafika, lakini mkono umesimama karibu wima, na wima maana yake ni kwamba huwezi kuingiza mzigo ndani ya ukingo. Utaweka paleti ukingoni kabisa na kuwaomba vibarua waivute. Kama paa lina tenki za maji, mashine za viyoyozi, matofali ya ukuta wa juu, basi lipia ya 17 au 18. Kama halina, ile mita tatu ya ziada ni mbwembwe, na unalipia uzito wake kwenye lobedi, kwenye dizeli na kwenye kila geti litakaloikataa.

Ya kuzunguka

Merlo, Waitalia wa Cuneo, waliitoa Roto yao ya kwanza mwaka 1991. Manitou wana MRT, Magni wana RTH zinazopanda hadi mita 51. Mkono na kibanda viko juu ya meza inayozunguka, miguu minne inatanuka pembeni, na mashine ikishasimama inahudumia pande zote bila kusogea. Ukiifunga winchi inakuwa kreni ndogo. Ukiifunga kikapu inapandisha mafundi wa vioo. Opereta anaweza kushuka na kuiendesha kwa rimoti akiwa amesimama karibu na mzigo, akiona kwa macho yake badala ya kutegemea mikono ya mtu anayepunga.

Nimefanya nayo kazi mara moja, kwenye jengo la umbo la U lenye uwanja mwembamba katikati. Tuliisimamisha uwanjani asubuhi, ikalisha mbawa tatu hadi jioni. Ndefu ya kawaida ingehitaji kuzunguka jengo zima, na upande mmoja ulikuwa barabara ya watu.

Tatizo lake ni hili: imejaa vihisishi, nyaya na kompyuta. Ikigoma saa nane mchana, fundi wa gereji ya mtaani hawezi kukusaidia. Inahitaji mtu mwenye kompyuta ya kuisoma, na huenda mtu huyo yuko Nairobi au Dar na tiketi ya basi ni yako. Pia miguu ikitanuka inahitaji uwanja wa kama mita tano kwa tano, ulio tambarare. Na kwa kubeba vitu huku na huku, ni tembo kwenye kibanda cha mgahawa. Mimi ningeikodi kwa wiki ile ya nondo, vioo na tenki, kisha niirudishe. Kuinunua bila kuwa na kazi tatu zinazoisubiri, hapana.

Nondo nazitaja kwa makusudi. Furushi la mita 12 likikaa mkingamo juu ya uma linafagia kila kitu kushoto na kulia. Geti lako la mita 5 halitalipitisha, na likiyumba linaivuta mashine ubavuni. Kwa nondo ndefu, kulabu juu na boriti ya kugawa kamba, mzigo uelekee mbele, na watu wawili wa kuushika kwa kamba. Au kreni.

Na je, si bora kitu kingine?

Mara nyingine, ndiyo. Foklifti ya ardhi mbovu, ile yenye mlingoti, ni rahisi kuitengeneza na ni ngumu kuiharibu, ila inapanda wima tu. Haiwezi kuingiza mzigo ndani ya sakafu ya pili ukiwa na mtaro katikati. Kwa ghala inatosha.

Kijiko cha kuchimba kinachofungwa mnyororo kwenye meno yake na kuinua boriti, hicho nimekiona kila mkoa niliofanya kazi. Hakina chati ya kazi hiyo, kulabu yake si ya kazi hiyo, na mnyororo huteleza. Sina la kuongeza.

Ukivuka ghorofa tano, acha kuzungumzia telehandla ya kawaida. Lifti ya mizigo ya kupachika ukutani kwa saruji na matofali, au kreni ya mnara kama eneo ni kubwa, itakulipa. Telehandla fupi ibaki chini ikiilisha.

Ardhi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea na watu huumia. Tufanye hesabu ya haraka. Mashine ya tani 12 imeshika mzigo wa tani 2, mkono uko mbele. Sehemu kubwa ya zile tani 14 sasa iko kwenye miguu miwili ya mbele. Tuseme tani 6 kila mguu. Kama kisahani cha mguu kina sentimita 40 kwa 40, eneo lake ni mita za mraba 0.16. Gawanya: karibu tani 37 kwa kila mita ya mraba. Udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa haukubali robo ya hiyo. Weka chini ya mguu kitanda cha mbao nene cha mita moja kwa mita moja, na zile tani 6 zinasambaa kwenye mita nzima ya mraba. Mbao nene, si vipande vya plaiwudi ya formu vilivyobaki.

Siku ile Dodoma hatukubadilisha mashine. Tuliufukia mtaro kwa kokoto na kuushindilia, tukahamisha mchanga, tukaweka mbao chini ya miguu yote miwili, tukapunguza matofali kutoka 60 hadi 35 kwa paleti. Kilo 945. Saa nane mchana paleti ya kwanza ilikaa juu ya slabu na king'ora kilikuwa kimya.

King'ora hicho nacho kielewe. Kipimo cha mzigo chenye taa za kijani, njano na nyekundu kinalinda mashine isipinduke kwenda mbele. Hakilindi ubavuni. Ukiendesha kiubavu kwenye mteremko na mzigo uko juu, taa zitabaki kijani mpaka mashine ilale. Ndiyo sababu kwanza unasawazisha fremu, ukiangalia lile povu kwenye kipimo cha maji ndani ya kibanda, kisha unainua. Na unatembea mzigo ukiwa chini, magotini, hata kama huoni mbele vizuri na inabidi mtu akutangulie.

Upepo nao. Dodoma mchana wa Agosti mabati 30 kwenye uma mita 10 juu ni tanga la jahazi. Chati haikuhesabu tanga.

Watu hawapandi kwenye uma, wala kwenye paleti juu ya uma, hata dakika mbili za kufunga balbu. Kikapu cha watu kinatengenezwa kwa mashine husika na kinapachikwa kwa namna ambayo mashine inakubali.

Mtumba, dizeli na salfa

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, kutoka Uingereza, Uholanzi au Dubai. Kosa ninaloliona sana ni kukimbilia mwaka mpya zaidi. Mashine za Ulaya za miaka ya karibuni, zenye injini za daraja la moshi la Stage V, zina chujio la moshi na nyingi zinatumia AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi. Zimetengenezwa kwa dizeli ya Ulaya yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa 50, na hiyo ni pampuni; dizeli iliyokaa kwenye pipa la saiti ina mambo mengine, maji yakiwa la kwanza. Chujio litaziba, mashine itapunguza nguvu yenyewe, na utaambiwa uletewe mtu wa kompyuta. Injini ya kizazi cha nyuma isiyo na vifaa hivyo haitakuzeesha haraka hivyo. Watengenezaji wanalijua hili. Manitou wana MT-X kwa ajili ya nchi zisizo na masharti makali ya moshi, na kama unanunua mpya ulizia hiyo.

Sasa ile MLT. Telehandla nyingi za bei nafuu Ulaya zinatoka mashambani. Zinakimbia barabarani, zina nguvu, ila ni za mita 6 hadi 9 na hazina miguu. Kwa kazi ya fupi zinafaa kabisa. Lakini iliyokaa miaka zizini ikizoa samadi imeliwa na mkojo wa ng'ombe: angalia nyaya chini ya kibanda, soketi za umeme, rejeta. Ukiona rangi mpya mahali ambapo hakuna mtu hupaka rangi, jiulize imeficha nini.

Kwenye mkono, urefushe wote na usimamishe msaidizi mbele ashike uma na kuzitikisa kushoto kulia. Zile pedi za plastiki zinazoongoza sehemu moja ndani ya nyingine zikiisha, mkono unacheza. Pedi ni nafuu; chuma kilichochimbwa kwa sababu pedi hazikubadilishwa si nafuu. Tafuta nyufa karibu na maungio ya kuchomelea. Angalia pini za mbele kama zinameza grisi au zimekauka. Kwa zenye minyororo ndani ya mkono, omba kuiona. Kisha jaribio langu: inua mzigo unaojulikana uzito, zima injini, weka alama ya chaki pale silinda inapoishia, kanywe chai. Ukirudi baada ya dakika 10 alama ikiwa imehama, kuna kitu kinavuja ndani.

Jaribu king'ora kwa makusudi, na mzigo mdogo na mkono mbele, mkono ukiwa chini karibu na ardhi. Kisipolia, au ukikuta waya umerukwa, mashine hiyo imekuwa ikiinua bila kipimo kwa muda usioujua.

Kama imetoka Uingereza, dai ripoti yake ya mwisho ya ukaguzi. Kanuni zao za vifaa vya kuinua, za 1998, zinataka ukaguzi wa kina kila miezi 12, na kila miezi 6 kama inainua watu. Mashine iliyotunzwa ina karatasi hizo. Huku kwetu, sheria ya usalama kazini ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 nazo zinagusa vifaa vya kuinua, na mkaguzi akija saiti hataki kusikia mashine ni ya kukodi.

Kukodi au kununua

Hesabu siku, si miezi. Telehandla iliyopo saiti miezi minane lakini inainua siku mbili kwa wiki ni siku 70 hivi. Zidisha kwa bei ya siku, ongeza lobedi ya kwenda na kurudi, linganisha na mashine utakayoinunua, spea zake, tairi zake (uliza bei ya tairi moja kabla hujatabasamu) na opereta wa mwezi. Fupi mara nyingi inanunulika, kwa sababu haikai. Ndefu ni ya kukodi mpaka uwe na saiti mbili zinazopokezana. Ya kuzunguka nimeshasema.

Na ukikodi, andikeni haya kabla lobedi haijaondoka: opereta ni wa nani na ana cheti cha telehandla yenyewe, maana wa foklifti hajafundishwa kusoma ile chati, dizeli ni ya nani, tairi ikichanwa na nondo inalipwa na nani, mvua ikinyesha siku tatu na udongo haukubali miguu, siku hizo zinahesabiwa au hazihesabiwi. Hilo la mwisho ndilo lililotugombanisha na mwenye mashine wa Dodoma. Alidai siku tatu nzima, nikamlipa moja na nusu.